Risasi Mbili Pacha za 1955: Moja Ikapeta, Nyingine Ikabadilishwa Jina

Mwaka 1955 wawindaji wa Marekani waliletewa risasi mbili mpya kwa mpigo, kutoka kwa mahasimu wawili wa siku nyingi. Winchester walikuja na .243, Remington wakajibu na .244. Usidanganywe na hizo namba: vichwa vya risasi zote mbili vina upana uleule, inchi 0.243. Ganda la Winchester lilitokana na .308, la Remington lina asili ya Mauser ya Ujerumani, na hili la pili lilimeza baruti nyingi kidogo. Yaani kwa nguvu tupu, .244 ndiyo ilikuwa kali.

Kumbe ishu ilikuwa ndani ya mtutu. Mle kuna mifereji inayoizungusha risasi isiyumbe hewani. Ni kama pia tu, ikizunguka taratibu inaanza kuyumba. Na risasi nzito, kwa kuwa ni ndefu, inataka kuzungushwa haraka zaidi. Remington waliwafikiria watu wanaopiga wanyama wadogo waharibifu mashambani, kwa risasi nyepesi na shabaha ya mbali. Wakachonga mifereji yenye mzunguko mmoja kila inchi 12, na risasi yao nzito ikaishia gramu 5.8. Winchester wakachonga inchi 10, wakauza mpaka ya gramu 6.5.

Gramu 0.7 tu! Kulungu aliyepigwa sawasawa nyuma ya bega alianguka kwa zote mbili. Lakini jamaa wa kawaida hakuwa na hela ya bunduki mbili. Alitaka moja ya waharibifu kiangazi, na ya kulungu msimu ukifunguliwa. Alichoogopa ni kumjeruhi mnyama, akimbilie msituni afie huko, nyama ipotee bure. Akisikia kwamba hii haiwezi risasi nzito, anachukua ile nyingine. Mtutu haubadilishwi kama tairi.

Remington wakashtuka, wakakaza mzunguko hadi inchi 9, na mwaka 1963 wakaipa jina jipya, 6mm Remington. Ganda ni lilelile, halikuguswa. Safari hii ilikuwa na kila kitu, ila .243 ilikuwa imeshazoeleka, na mtu akiishiwa risasi katikati ya msimu ananunua iliyopo dukani. Bunduki za kwanza za .244 bado zinaingia risasi za 6mm Remington, ila mwenye nayo inabidi achague zile nyepesi.