Bei ya Kulifuata Jua

Julai 1913, huko Maadi, kitongoji kilicho kusini ya Kairo, mhandisi wa Marekani aitwaye Frank Shuman aliuonyesha ulimwengu mtambo usiohitaji kuni wala makaa. Ulikuwa na mifereji mitano ya vioo, kila mmoja na urefu wa mita 62 hivi na upana wa mita 4, iliyopinda kama tumbo la mtumbwi. Mifereji hiyo ililazwa kutoka kaskazini kwenda kusini na kugeuka polepole yenyewe: asubuhi ikitazama mashariki, saa sita ikitazama utosini, jioni ikitazama magharibi. Vioo vilikusanya jua kwenye birika refu la maji, maji yakawa mvuke, na mvuke ukaendesha pampu iliyovuta maji ya Nile kwenda mashambani. Kati ya safu na safu Shuman aliacha karibu mita 7 na nusu, ili safu moja isiifunike jirani yake kwa kivuli. Anayetembelea leo shamba kubwa la umeme wa jua, liwe la California au la Rwanda, huona mara nyingi mpangilio uleule: safu ndefu za kaskazini na kusini, mhimili uleule, nafasi zilezile za kukwepa kivuli. Hata hivyo, kati ya Maadi na mashamba hayo ipo karne nzima ambamo sehemu kubwa ya paneli duniani zilipigiliwa juu ya paa na kuachwa hapo hapo bila kugeuzwa. Watu wengi huieleza historia hiyo kama safari ya ugunduzi, kwamba wataalamu walikuwa wakiitafuta pembe bora na hatimaye wameipata. Naona maelezo hayo ni ya upotofu. Pembe ilijulikana mapema sana. Kilichopanda na kushuka ni bei: bei ya kitu kinachopokea jua, ikipimwa na bei ya kukigeuza.

Shuman mwenyewe hakuwa wa kwanza. Katika miaka ya 1860 Augustin Mouchot, mwalimu wa hisabati katika mji wa Tours, Ufaransa, alianza kuunda mitambo ya jua, na baadaye akafikia umbo la mwavuli uliogeuzwa juu chini, wenye kuta za chuma king'aacho na chungu cha maji katikati. Maelezo yake kuhusu namna ya kuugeuza hayana cha kuongezwa hata leo: mtambo uzunguke digrii 15 kila saa juu ya mhimili ulio sambamba na mhimili wa dunia, kisha uinamishwe kidogo kidogo kadiri majira yanavyobadilika. Ni hesabu nyepesi, kwani digrii 360 zikigawanywa kwa saa 24 ndizo hizo 15. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1878, Mouchot na mwenzake Abel Pifre walitumia joto la jua kutengeneza barafu, na Mouchot akatunukiwa medali ya dhahabu. Miaka michache baadaye serikali ilipoipima mitambo hiyo, Ufaransa na Algeria, uamuzi ulikuwa kwamba haina faida. Reli zilikuwa zimeenea, makaa ya mawe yameshuka bei, na hakuna mwenye kiwanda aliyeona sababu ya kumlipa mtu asimame juani akizungusha mwavuli wa shaba. Mouchot hakushindwa na jiometria, alishindwa na gunia la makaa.

Maadi nayo ilisimama juu ya hesabu ya namna hiyo. Misri haikuwa na makaa yake, iliyaleta kwa meli kutoka mbali, na jua lake halina mawingu sehemu kubwa ya mwaka. Hapo kioo kinachogeuka kiliweza kushindana. Jaribio la kwanza, mwaka 1912, liliharibika kwa sababu mabirika ya zinki hayakustahimili joto, ikabidi yatengenezwe mengine ya chuma. Kosa lilikuwa la madini tu, mwelekeo haukuwa na lawama. Mtambo uliporekebishwa ulifanya kazi, na Lord Kitchener, mwakilishi wa Uingereza huko Misri, alivutiwa nao. Halafu vita vya 1914 vikaja, mafundi wakatawanyika, vyuma vikachukuliwa, Shuman akafa mwaka 1918, na mafuta ya petroli yakaanza kumwagika duniani kwa bei ambayo hakuna kioo kingeweza kuifikia.

Hapa msomaji makini anaweza kunikatiza. Mouchot na Shuman, atasema, hawakuwa na hiari ya kugeuza au kutogeuza, kwa sababu kioo kinachokusanya miale hadi sehemu nyembamba hakioni kitu kikikosea jua hata kidogo. Ni kweli, na tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Paneli bapa ina uvumilivu ambao kioo hakina. Nguvu ya miale inayoipiga hufuata kosini ya pembe, na kosini ni kilima chenye kilele kipana: ukikosea jua kwa digrii 10 unapoteza asilimia 1.5 tu ya miale ya moja kwa moja, ukikosea kwa digrii 30 unapoteza 13, na nusu yake haipotei mpaka ufikishe digrii 60. Juu ya hayo, paneli bapa hupokea pia mwanga uliotawanywa na mawingu na vumbi, mwanga unaotoka pande zote za anga na usiojali uelekeo. Mapema katika miaka ya 1960 Benjamin Liu na Richard Jordan wa Chuo Kikuu cha Minnesota waliuweka mgawanyo huo katika fomula, wakitenga miale ya moja kwa moja na mwanga uliotawanyika, ili mhandisi aweze kukadiria uso ulioinamishwa utapokea nini katika siku ya kawaida ya mwezi wowote. Kutokana na kazi za aina hiyo ndipo ilipopata nguvu kanuni inayorudiwa na kila fundi: inamisha paneli kwa digrii zinazolingana na latitudo ya mahali, na itazame upande wa ikweta. Kisichorudiwa sana ni nyongeza yake, kwamba penye mawingu mengi paneli ilalie zaidi, kwa kuwa anga zima ndilo linaloilisha. Kwa hiyo hoja ya mpinzani wangu hainidhuru. Mouchot na Shuman walichagua kioo kwa sababu kioo kilikuwa rahisi kuliko birika kubwa, na kuchagua kioo ni kukubali kulipa gharama ya kugeuza. Paneli bapa ilipokuja, hiari ilirudi, na kuanzia hapo bei ndiyo iliyoamua waziwazi.

Seli ya kwanza ya silikoni yenye manufaa ilionyeshwa Aprili 1954 na Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wa Maabara za Bell, ikibadili asilimia 6 ya mwanga kuwa umeme. Wakati huo gharama ya wati moja ilihesabiwa kwa mamia ya dola. Hata katika miaka ya 1970, Elliot Berman alipoishusha hadi dola 20 hivi, paneli bado ilikuwa mali ya kubembelezwa: ukiwa nayo ulitaka ikamuliwe kila tone. Ndiyo maana kampuni ya ARCO Solar ilipojenga kituo cha kwanza cha umeme wa jua cha megawati 1 huko Hesperia, California, mwaka 1982, paneli zote zilipandishwa kwenye fremu zinazofuata jua kwa mihimili miwili, kulia na kushoto, juu na chini. Mwaka uliofuata, kwenye uwanda wa Carrisa katika jimbo hilohilo, ilikwenda mbali zaidi kwa kuongeza vioo pembeni ya paneli ili kila seli ipewe jua zaidi kuliko lile linaloijia. Hapo tamaa ilizidi kipimo. Silikoni hupunguza uzalishaji kwa karibu asilimia 0.4 hadi 0.5 kwa kila digrii moja ya joto inayoongezeka, na vioo vilileta joto pamoja na mwanga. Plastiki inayozifunika seli ikaanza kubadilika rangi kuwa kahawia, umeme ukapungua mwaka hadi mwaka, na kabla karne haijaisha kituo kikafumuliwa na paneli zake kuuzwa moja moja. Kwa maoni yangu Carrisa ni somo kubwa kuliko Maadi. Ni mahali ambapo paneli ilielekezwa jua kwa usahihi wote unaowezekana, na usahihi huo haukuiokoa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wa nyuma, na kwa namna inayoijaribu hoja yangu. Mwaka 1984 mhandisi Mmarekani Harold Burris, akishirikiana na mwalimu Mark Hankins, alifunga mfumo wa sola katika shule ya sekondari ya harambee ya Karamugi, eneo la Meru, Kenya. Mafundi waliopata ujuzi katika kazi za namna hiyo walisaidia kuanzisha biashara ambayo kufikia miaka ya 1990 ilikuwa inauza paneli ndogo za wati 10 hadi 14 kwenye maduka ya kawaida mjini, mnunuzi akaondoka nayo ndani ya matatu. Kwa mkulima wa Meru paneli hiyo ilikuwa ghali mno. Kama bei ndiyo inayoamua, mbona hakuigeuza siku nzima kama ARCO? Jibu ni kwamba ughali una upande wa pili. Kugeuza kwa mkono kunahitaji mtu wa kushinda nyumbani, na paneli inayofikika kwa mkono hufikika kwa mwizi pia, basi ilipanda juani juu ya mabati na kukaa huko. Isitoshe, hasara kubwa ilikuwa mahali pengine. Richard Duke, Arne Jacobson na Daniel Kammen walipozichunguza paneli za soko la Kenya, walikuta baadhi ya aina zikitoa umeme pungufu sana kuliko wati zilizoandikwa kwenye lebo. Mnunuzi aliyeuziwa paneli ya namna hiyo alikuwa amepoteza dukani kiasi ambacho hakuna pembe ingemrudishia.

Pingamizi zito zaidi linatoka katika miaka ya karibuni. Paneli sasa zimeshuka hadi chini ya nusu dola kwa wati, na kwa hoja yangu fremu za kufuata jua zingepaswa kutoweka, kwani ni rahisi kuongeza paneli mbili kuliko kununua mota. Badala yake zimeongezeka. Kituo cha megawati 8.5 kilichoanza kazi mwaka 2014 wilayani Rwamagana, Rwanda, kwenye ardhi ya kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom, kina paneli zinazogeuka na jua. Lakini tazama ni fremu zipi zilizosalia. Zile za mihimili miwili, fahari ya Hesperia, zimekuwa nadra kwa paneli za kawaida. Iliyoshinda ni ya mhimili mmoja uliolala kaskazini na kusini, ileile ya Maadi, ambayo mota moja huweza kusukuma safu ndefu na kuongeza umeme kwa asilimia 15 hadi 25, kulingana na mahali. Chuma na mota vilishuka bei pamoja na paneli, na ongezeko hilo likalipa penye ardhi pana na mafundi wa kudumu. Juu ya paa la nyumba halilipi, na ndiyo maana paa halijabadilika. Mizani ni ileile, ila vitu vilivyowekwa kwenye sahani zake ndivyo vilivyobadilika uzito.

Mizani hiyo hata imeanza kupima saa badala ya uniti. Mwaka 2013 watafiti wa Pecan Street, huko Austin, Texas, walikuta paneli zinazotazama magharibi zikitoa umeme mwingi zaidi kwa asilimia 49 kuliko zile za kusini katika saa za alasiri na jioni ambapo viyoyozi huulilia, ingawa jumla yao ya siku ilikuwa ndogo. Pembe iliyokuwa kosa ikawa busara kwa sababu umeme wa saa kumi jioni una thamani zaidi kuliko wa saa sita mchana. Kwetu busara hiyo haisaidii sana. Matumizi ya Dar es Salaam na Nairobi hufikia kilele jua likishazama, watu wakiwa wamerudi nyumbani, na hakuna mwinamo unaolifikia jua la saa mbili usiku. Kazi hiyo ni ya betri.

Kwenye pwani yetu jambo lenyewe ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa kaskazi jua la saa sita hupita kusini ya utosi, na wakati wa kusi hupita kaskazini, kana kwamba linakwenda kinyume na upepo kwa makusudi. Kwa kuwa Dar es Salaam iko karibu digrii 7 kusini ya ikweta, mwinamo wa latitudo ungekuwa mdogo mno mvua isiweze kusafisha vumbi, kwa hiyo digrii 10 hadi 15 kutazama kaskazini ndizo zinazofaa. Paa likiwa limeelekea kwingine kwa mwinamo mdogo kama huo, hasara ni asilimia chache tu, haistahili kufumua kenchi. Acha nafasi ya upepo kati ya paneli na bati, maana bati la mchana ni jiko. Kisha tazama mti ulio jirani. Seli za paneli zimeungwa mfululizo kama shanga kwenye uzi, na kivuli cha tawi moja la mwembe kinaweza kukunyang'anya umeme mwingi kuliko kosa la digrii 20.