diski ya kumbukumbu

*nomino* [i-/zi-] Sehemu ya kumbukumbu ya muda ya kompyuta iliyotengwa ili programu ziitumie kana kwamba ni diski ya kawaida.

Matumizi katika kurekodi sauti

Maikrofoni moja ikirekodiwa kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kila sampuli biti 24, huzalisha baiti 144,000 kila sekunde. Maikrofoni 24 kwa pamoja, kila moja na faili yake, huzalisha takribani megabaiti 3.5 kwa sekunde. Kiasi hicho si kikubwa. Uzito upo katika kurukaruka: kichwa cha diski inayozunguka hulazimika kuhama kutoka faili moja hadi nyingine, na diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika huchukua takribani milisekunde 8.3 kukamilisha mzunguko mmoja. Kichwa kikichelewa mno, akiba ya sauti inayosubiri kuandikwa hujaa na rekodi hukatika. Kumbukumbu ya muda haina kinachozunguka, hivyo kuchelewa huko hutoweka.

Mipaka yake ni mitatu. Saa moja ya maikrofoni hizo 24 hudai gigabaiti 12 na ushei. Kwa kompyuta yenye diski isiyozunguka, manufaa ni madogo. Aidha, haipunguzi muda unaopita kati ya mwimbaji kuimba na kujisikia katika visikizi. Huo hutegemea mipangilio ya kadi ya sauti.

Tahadhari ya maana

Nomino *kumbukumbu* hutumika pia kwa nyaraka zilizotunzwa na kwa ukumbusho wa marehemu. Kwa hiyo humpa msomaji picha ya kitu kinachodumu. Katika kompyuta hali ni kinyume: umeme ukikatika, kilichomo hupotea chote. Kitenzi *hifadhi*, chenye asili ya Kiarabu, huongeza utata, kwa kuwa hubeba maana mbili: kutunza kitu kisiharibike, na kukariri, kama katika *kuhifadhi Kurani*. Mfasiri anayeandika *hifadhi ya kumbukumbu* kwa dhana hii humfanya mtumiaji aamini kwamba rekodi yake imesalimika. Kosa hilo la neno laweza kumpotezea mtu sauti ya mzee isiyoweza kurekodiwa tena.

Inapendekezwa kutumia *weka* au *andika* kwa diski ya kumbukumbu, na kubakiza *hifadhi* kwa diski inayodumu.

Mifano

✓ Sauti imeandikwa katika diski ya kumbukumbu. Inakili katika diski kuu kabla ya kuzima kompyuta.

✓ Baada ya kila wimbo, fundi alisitisha kurekodi na kuhifadhi faili zote katika diski kuu.

✗ Sauti imehifadhiwa katika diski ya kumbukumbu. (Haijahifadhiwa bado.)

Linganisha: diski kuu, hifadhi, kumbukumbu, nakili.