Makaburi ya Kinondoni

Apitaye Barabara ya Bagamoyo, pale Kinondoni, huyaona makaburi ya vita, mawe yamepangwa safu kwa safu. Yalianzishwa mwaka 1968, walipohamishwa marehemu 660 wa Vita Kuu ya Kwanza kutoka Ocean Road ili barabara mpya ipite.

Ugomvi ule wa 1914 hadi 1918 ulikuwa wa Mjerumani na Mwingereza. Vijana wetu walichukuliwa, wengi kwa nguvu, wakabebeshwa mizigo. Njaa na kuhara damu vikawamaliza njiani. Sanamu ya Askari ya mwaka 1927 inawataja wapagazi hao, ila makaburi yao mengi hayakuwekewa hata jiwe. Limebaki jina la kambi yao, Kariakoo, tunakonunua nyanya.

Vita ile siisifu. Lakini nipitapo Kinondoni hupunguza mwendo, nikawarehemu waliolala pale pamoja na wale wasiojulikana walikolala.