Mabaka ya Land Rover: Dola, Mafundi na Barabara ya Mitundu

Historia ya dola nchini mwetu tumezoea kuisoma katika hotuba, sheria na miongozo ya chama. Leo naomba tuisome katika gari. Ninamiliki Land Rover ndefu ya inchi 109, ya toleo la tatu, lile lililoanza kuundwa Solihull, Uingereza, mwaka 1971. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa ameipata mnadani baada ya kuitumikia Serikali kwa miaka mingi. Ninaiendesha kama ilivyo: sijaipaka rangi upya, sijabadilisha bodi, sijaipeleka kwa mafundi wanaoyarudisha magari ya kale katika hali ya kiwandani. Kila likizo ndefu hutoka nayo Itigi hadi kwetu Mitundu, na kila mara ndugu zangu huuliza kwa nini daktari mzima wa chuo kikuu anatembelea mkweche.

Gari hili ni mtoto wa uhaba. Lilipooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, chuma kilikuwa bado cha mgao Uingereza baada ya vita. Ndiyo maana bodi yake ilitengenezwa kwa aloi ya alumini, na chuma kikaachiwa chesi na sehemu nyingine chache. Miaka hiyohiyo Waingereza walikuwa Kongwa, si mbali sana na kwetu, wakijaribu kulima karanga kwa matrekta ambayo baadhi yake yalitokana na vifaru vya Sherman. Mradi ule ulitelekezwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Land Rover ikabaki. Kwa maoni yangu, kilichoitofautisha hakikuwa uimara wa chuma. Matrekta ya Kongwa yalidai karakana kubwa na mafundi wa ng'ambo. Land Rover ilimhitaji fundi mmoja mwenye spana na kivuli cha mwembe.

Bwana Shauri wa mkoloni aliipanda. Baada ya Uhuru akaipanda Mkuu wa Wilaya, kisha bwana shamba, bwana mifugo na bwana afya mwenye sanduku la chanjo. Desemba 1965 tulivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, na haukurejea hadi 1968. Hata katika hasira hiyo halali, dola yetu iliendelea kuwafikia wananchi wake kwa gari la Mwingereza. Wanafunzi wangu wa nadharia ya utegemezi wanaweza kulifanyia kazi jambo hilo. Mimi nataka kwenda kwenye mabaka.

Mlango wa kushoto una kiraka cha alumini kilichopigiliwa kwa ribiti. Ukikitazama kwa makini utaona duara hafifu: ni kitako cha sufuria. Springi ya nyuma ina jani moja nene kupita wenzake, lililotolewa kwenye lori. Bushi mbili zimechongwa kwa mpira wa tairi. Chesi, ambayo kwa kuwa ni chuma ndiyo huliwa na kutu, imechomelewa mahali pawili kwa kipande kizito ambacho asili yake sijaulizia, maana Itigi ni mji wa reli. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichotoka Solihull.

Nayasoma mabaka haya kama nyaraka za miaka ya 1979 hadi 1984. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, bei ya mafuta imepaa, fedha za kigeni hakuna. Vipuri vilikuwa vya kuombea kibali, na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Katika majalada ya wakati huo utakuta barua za kuomba vipuri. Utakuta mara chache sana jina la fundi aliyelifanya gari litembee wakati barua ingali njiani. Lakini chanjo ilifika, na mishahara ya walimu ilifika. Mwaka 1984 uagizaji bidhaa ulilegezwa, Toyota zikaingia kwa wingi, na baadaye tukapata shangingi, ambalo likiharibika kompyuta yake lazima lipelekwe mjini. Watumishi wa umma wanaonisoma wanajua ni magari mangapi yamelala kwenye nyasi nyuma ya ofisi zao.

Kuendesha gari hili si starehe. Usukani ni mzito, na ukivuka kilomita 60 kwa saa mazungumzo hukoma kwa sababu ya kelele. Chini ya kioo cha mbele kuna vidirisha viwili vya kuingizia hewa. Katikati ya vichaka vya Itigi huingiza pia vumbi na mbung'o. Rafiki mmoja aliyesoma Ulaya hunisihi nilirudishe katika upya wake, kwani litapata bei. Namwelewa. Ila kulirudisha hivyo ni kutamka kwamba gari la kweli ni lile la siku lilipotoka kiwandani, na kwamba kila alichokifanya Mtanzania tangu hapo ni uharibifu wa kuondolewa.

Hoja hiyo nilijivunia mpaka nilipomweleza mzee mmoja pale Mitundu. Kwenye mlango wa dereva, chini ya rangi iliyopauka, bado kuna kivuli cha maandishi ya Serikali. Mzee alikitazama muda mrefu. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila mtu awe anaishi kijijini, na yeye alihamishwa mwaka 1974. Gari la aina hii ndilo lililofika asubuhi na maofisa; mazao yake yalikuwa bado shambani. Baba yake, aliniambia, aliwahi kuhamishwa na Waingereza kwa sababu ya malale. Katika nchi za magharibi mwa Tanganyika wakoloni waliwakusanya watu wengi kwa hoja hiyo.

"Mwanangu, futa hayo maandishi," alisema.

Nikamjibu kwa heshima kwamba nikiyafuta, wajukuu wake hawataamini kuwa gari lilifika. Akasema wajukuu wataambiwa na yeye, si na mlango. Nilimwambia pia kwamba gari hilohilo lilileta chanjo. Alikubali kwamba ililetwa. Mwanawe wa tatu alichanjwa. Hakuona kuwa jambo moja linalipa deni la lingine, nami sikuwa na takwimu ya kumpinga.

Maandishi bado yapo. Nikienda kwake huliegesha gari shuleni, natembea kwa miguu hadi nyumbani kwake.