Bogoria: Picha Isiyo na Watu

Ukitafuta Ziwa Bogoria mtandaoni, picha ni zilezile: heroe kwa maelfu, ukingo mzima umegeuka waridi, mvuke unapanda, nyuma yake genge refu la mawe. Picha kali, hakuna ubishi. Lakini hebu zitazame tena. Watu wako wapi?

Tuanze na mawe. Hapa Baringo, ardhi imekuwa ikitanuka polepole kwa mamilioni ya miaka hadi ikapasuka, na sakafu ya Bonde la Ufa ikashuka. Bogoria imelala chini ya genge la mashariki, nyembamba, bila mto wa kutoa maji. Maji yanaingia, lakini hayatoki ila kwa kukaushwa na jua, na magadi yanabaki. Chini ya ardhi bado kuna joto kali, ndiyo maana chemchemi za Loburu huchemka na kuruka juu.

Samaki hawayawezi maji hayo. Spirulina inayapenda. Heroe mdogo huinamisha kichwa, mdomo juu chini, akauchuja mwani huo, na rangi yake maarufu inatoka humo humo. Chakula kikiadimika Nakuru, anahamia Bogoria. Kikiadimika Bogoria, anaondoka tena, na hakuna anayemuuliza ana cheti gani cha shamba.

Waendorois hawakupata bahati hiyo. Ni wafugaji ambao kwa vizazi vingi ng'ombe wao walilamba chumvi kando ya ziwa hili, na hapa ndipo walipofanyia matambiko. Mwaka 1885 askofu Mwingereza, James Hannington, alipita eneo hili akielekea Buganda. Aliuawa Busoga Oktoba ya mwaka huohuo. Mpita njia tu, lakini ramani za wakoloni zikaliita ziwa Hannington.

Uhuru ukaja, jina likabaki. Mwaka 1973 serikali ilitangaza hapa kuwa hifadhi ya wanyama, ikiitwa bado Hannington, na Waendorois wakaanza kuondolewa. Mwaka 1978 hifadhi ikapewa jina la Bogoria. Jina lilirudi nyumbani. Wenyewe hawakurudi.

Fidia je? Mwaka 1986, familia 170 zilipewa takriban shilingi 3,150 kila moja. Mahakama za nyumbani hazikuwasaidia, basi mwaka 2003 kesi ikafika mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Februari 2010 uamuzi ukatangazwa: Kenya ilikiuka haki zao, iwarudishie ardhi na kuwalipa. Mwaka uliofuata, UNESCO ikaiweka Bogoria kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Waendorois wakalalamika kwamba hawakushirikishwa. Urithi wa dunia nzima, isipokuwa wao?

Miaka hiyohiyo ziwa nalo likaanza kupanda. Likameza lango la hifadhi, barabara na chemchemi kadhaa. Jirani yake, Ziwa Baringo, likafurika pia, na twiga tisa wakakwama kwenye kisiwa cha Longicharo. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 walivushwa kwa chelezo maalum, taratibu, hadi wote wakafika nchi kavu. Dunia ilitazama na kushangilia. Mimi pia nilishangilia.

Halafu nikafikiria zile familia za 1973. Nani aliwaundia chelezo?

Sisemi twiga wangeachwa wazame. Tena twiga hao walipelekwa Ruko, hifadhi iliyoanzishwa na jamii za Ilchamus na Pokot zenyewe, watu waliowahi kupigana. Kumbe inawezekana: mwenyeji akabaki, mnyama akabaki.

Kwa hiyo siku ukifika Bogoria, piga picha zako za heroe. Ila mwenyeji akikupitia mbele ya kamera, usimwambie asogee. Ameshasogezwa vya kutosha.