Gobori na Majina ya Viungo Vyake: Silaha ya Kuungwa katika Mkoa wa Mara

Kuanzia Musoma mjini hadi Bunda na vijiji vya Butiama, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kwa kupitia mdomoni huitwa gobore au gobole. Kamusi ya Kiswahili Sanifu huliorodhesha neno hilo kwa umbo la gobori. Kupishana kwa r na l, au kwa irabu ya mwisho, si jambo la kumkosesha usingizi mwanaisimu. Linalostahili kuzingatiwa zaidi ni ngeli. Bunduki hubaki bunduki katika wingi, kama zilivyo nomino nyingi za kukopwa. Gobori huwa magobori, na hivyo huketi pamoja na jembe, panga na shoka, yaani kazi za mhunzi.

Kuketi huko kuna mantiki yake, kwa maana gobori ni silaha ya kuungwa. Bunduki zilizopitia Zanzibar katika karne ya 19 zilikuwa, kwa sehemu kubwa, masalia ya majeshi ya Ulaya yaliyokuwa yakihamia kwenye silaha za kujaziwa nyuma. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Silaha kuukuu huharibika vipande vipande. Kitako kikioza huchongwa kingine. Mtambo ukivunjika, mtutu hungoja mtambo wa bunduki nyingine iliyokufa. Kwa hiyo fundi wa bara alijifunza kuunda kwa kukarabati, na mwanafunzi wake aliyetaka kuunda gobori la kwanza alikabiliwa na maswali matatu: mtutu upi, mtambo upi, kitako cha mti gani.

Swali la mtutu lilikuwa la uhai na kifo, kwani chuma kisichohimili nguvu ya baruti hupasuka mbele ya uso wa mwenye kukishika. Swali la kitako lilikuwa jepesi, maana mchonga mpini wa shoka anajua mti usiopasuka. Swali la mtambo ndilo lenye historia ndefu.

Kabla ya kulifikia, yafaa kuyatazama majina yenyewe. Mdomo, kitako na mtutu ni maneno ya Kibantu, na mawili ya kwanza yamehamishwa moja kwa moja kutoka kwenye mwili wa kiumbe. Mtambo ni neno ambalo kamusi za zamani hulitumia pia kwa kifyatuo cha mtego. Mwindaji aliyeiona bunduki kwa mara ya kwanza aliona mtego unaoshikwa mkononi. Kwa upande mwingine, vilivyotiwa ndani ya mtutu vina majina ya kigeni: baruti, risasi, marisaa. Mwili wa silaha, ambao fundi aliweza kuutengeneza, ulipewa majina ya nyumbani. Shehena yake, iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara, ilikuja na majina ya dukani.

Yapo maneno mawili yanayouvuka mpaka huo. Mdeki, ufito wa kushindilia, unaonekana kutokana na Kiarabu midakk, na mi- ya Kiarabu imegeuzwa kuwa kiambishi cha ngeli: mdeki, mideki. Vivyo hivyo kiasi, kutoka qiyas, kimepata wingi wa viasi. Kamusi za Waingereza za mwanzoni mwa karne ya 20 huita bunduki ya kujaziwa nyuma bunduki ya viasi, kwa kuwa risasi yake huja na baruti iliyokwisha kupimwa kiwandani. Mwenye gobori hana kiasi cha namna hiyo; kipimo kiko katika kiganja chake.

Neno bunduki lenyewe ni la Kiarabu, na kwa kawaida huhusishwa na bunduq, aina ya kokwa, na baadaye tufe dogo la kurushwa. Wapo waliolihusisha na al-Bunduqiyya, jina la Kiarabu la mji wa Venisi. Hoja hiyo ni dhaifu kuliko ya kwanza, ingawa inapendeza kukumbuka kwamba mji huo uliingia katika fasihi ya Kiswahili kwa kalamu ya mzaliwa wa Butiama, Julius Nyerere, alipochapisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Sasa mtambo. Ulikuwa wa aina mbili: wa gumegume, unaotoa cheche kwa jiwe, na wa fataki, unaopiga kifuniko kidogo chenye dawa ya kulipuka. Fataki haishindwi kirahisi na unyevu, lakini kila mlio humrudisha mwenyewe kwa mwuzaji. Gumegume ni la polepole na hukataa mvua, bali jiwe huweza kuokotwa. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 uliligeuza chaguo hilo la fundi kuwa suala la dola. Kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini ulizuia kuingizwa kwa bunduki zenye mitutu ya mifuo na silaha nyingine bora, ukaruhusu kwa masharti bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya kawaida. Gobori halikudumu barani kwa sababu Waafrika hawakujua kilicho bora. Lilidumu kwa sababu kilicho bora walinyimwa. Askari wa Wajerumani alibeba Mauser ya mwaka 1871.

Pwani ya mashariki ya ziwa ilikuwa kando ya njia kuu ya misafara iliyopitia Tabora. Wawindaji wa Ikoma na Nata walitegemea upinde na mishale ya sumu, na uhunzi miongoni mwa Wazanaki na jirani zao ulikuwa kazi ya Waturi, watu waliooana wao kwa wao. Bunduki ilipofika ilikuta mikono iliyozoea kufua chuma. Lakini ilikuta pia mipaka mipya: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mwaka 1951, kisha mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo mwaka 1994. Tangu hapo mtu mwenye gobori karibu na Bunda amekuwa jangili machoni pa sheria, hata katika vijiji kama Kunzugu ambako tembo huingia mashambani. Baada ya vita vya Kagera vya 1978–79 silaha za kivita zilienea katika wizi wa mifugo, na gobori likaonekana kitu cha kizee, ingawa halikukoma kuua.

Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu bunduki ya namna hii kuwa kitu cha kale, na vipande vyake huuzwa katika kasha kwa anayependa kujiundia. Nchini Tanzania, sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 haimpi fundi wa kijijini nafasi hiyo. Kuunda silaha bila leseni ni kosa. Serikali ilipotoa muda wa kusalimisha silaha kwa hiari mwaka 2023, magobori yalikuwa miongoni mwa zilizolengwa. Katika orodha za namna hiyo huandikwa gobori tu, bila kutajwa kama ni la gumegume au la fataki. Maneno hayo mawili yamekwisha kuhamia kwa wanaume: gumegume ni asiyefaa kitu, na fataki, tangu kampeni ya redio ya mwishoni mwa miaka ya 2000, ni mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule.