Utetezi wa Tezi Bawabu

Katika mitaa ya Eastlands, upande wa mashariki wa jiji la Nairobi, kiungo kimoja kidogo cha mwili wa mwanamume kina majina manne, na hakuna hata moja kati ya hayo linalomsaidia mwenye kiungo kuelewa kinachomsibu. Redio humweleza habari za tezi dume. Gazeti humwandikia tezi kibofu. Muuguzi wa zahanati humwambia kwamba prosteti imefura. Na wazee wenyewe, wakiwa wameketi nje ya nyumba za Kaloleni jua likitua, husema tu kwamba fulani ana ile shida ya mkojo. Jina la wazee ndilo la kweli zaidi, kwa kuwa halijidai kujua lisilolijua, lakini si istilahi, yaani si neno lililokubaliwa na wenye fani kubeba dhana moja bila kuichanganya na nyingine. Matatu yaliyobaki yanajidai kuwa istilahi, na ndiyo yanayostahili kuhojiwa.

Dhana yenyewe haina utata na haihitaji kurefushwa. Chini ya kibofu, pale mrija wa mkojo unapoanzia, ipo tezi inayouzunguka mrija huo pande zote, kama pete inavyozunguka kidole, na kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume kuwa manii. Kwa kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Mwanamume akishapita umri wa miaka 40, kwa msukumo wa homoni ya kiume ambayo mwili huigeuza kuwa dihidrotestosteroni, seli za sehemu ya ndani ya tezi hiyo huanza kuongezeka, hata katika miaka ya 50 karibu nusu ya wanaume huonekana kuwa na ongezeko hilo tezi ikichunguzwa kwa darubini, na katika miaka ya 80 wasio nalo huwa wachache. Mrija hubanwa, kibofu, ambacho ni mfuko wa misuli, hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, kuta zake zikawa nene na zenye kushtuka upesi, na miaka ikizidi kupita kikachoka na kuacha mkojo ndani kila kinapojaribu kujimwaga. Uzee nao una mchango wake hata pasipo tezi, kwani figo za mzee hutoa mkojo mwingi zaidi usiku kuliko za kijana, ndiyo maana mwanamume wa miaka 70, katika zile nyumba za zamani za baraza la jiji ambazo choo chake kiko nje na hutumiwa na familia kadhaa, huujua mlango wa choo hicho usiku kuliko anavyoujua mchana.

Kwa kuanza na jina la tezi kibofu, kosa lake linaonekana bila miwani. Katika Kiswahili, nomino mbili zikiandamana bila kiunganishi, ya pili huieleza ya kwanza: askari kanzu ni askari avaaye kanzu, na punda milia ni punda mwenye milia. Kwa kanuni hiyo tezi kibofu ni tezi yenye kibofu, au tezi iliyo kibofu, na kiumbe wa namna hiyo hajapata kuonekana. Waliolibuni walikusudia, pengine, kusema tezi iliyo karibu na kibofu, ambalo ni sawa na kumwita mtu kwa jina la jirani yake. Balaa kubwa zaidi huja kwenye vichwa vya habari, ambako nafasi ni finyu na neno tezi hudondoka, ikabaki saratani ya kibofu, ambayo ni maradhi mengine kabisa, yanayowapata wanawake pia, na ambayo katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yamehusishwa na kichocho cha mkojo. Msomaji wa Kayole aliyepimwa tezi akarudi nyumbani na gazeti lisemalo kibofu hana namna ya kujua kwamba anaambiwa habari za mtu mwingine.

Tezi dume lina wafuasi wengi zaidi, hasa Tanzania, na wingi huo ndio hoja yake kuu. Dume huitana na jike: mpapai dume hauzai, mpapai jike huzaa, na anayesikia tezi dume ana haki ya kuuliza tezi jike iko wapi. Tena, mwanamume ana tezi zaidi ya moja zisizopatikana kwa mwanamke, zikiwamo zile zinazotengeneza mbegu zenyewe, ambazo zingeweza kudai jina hilo kwa nguvu zaidi. Neno lenyewe ni la zizini. Binadamu huwa mwanamume, na akiitwa dume ama anasifiwa ama anatukanwa. Lakini dhambi isiyosameheka ya tezi dume ni kwamba linagusa mahali pasipohusika. Mzee anayeambiwa kwamba udume wake umepata hitilafu huelewa kwamba habari ni ya nguvu za kiume, huona haya, na badala ya kwenda kumwona daktari anaweza kuishia kwa muuza mizizi wa soko la Gikomba, ambaye naye hufurahi kwa sababu dawa ya nguvu hizo anayo ya kila rangi. Kisha jina la kiungo limekwisha kuwa jina la ugonjwa: husemwa kwamba fulani “ana tezi dume”, kama isemwavyo kwamba ana malaria, ilhali cha ajabu kingekuwa kuikosa. Haijulikani kamati iliyolibariki jina hili ilikaa kwa saa ngapi. Kwamba chai iliandaliwa, hilo halina shaka.

Kuhusu prosteti hakuna haja ya ukali. Ni neno la mkopo, linatamkika, na mkopo si aibu kwa lugha iliyokopa shule, meza na sahani. Ila neno hilo lilipokuwa kwao lilikuwa na maana, na katika safari limeiacha njiani. Herophilus wa Chalcedon, aliyepasua maiti huko Alexandria zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, alitumia kwa tezi za sehemu hizo neno la Kigiriki lenye maana ya wanaosimama kando, yaani wasaidizi. Na mnamo mwaka 1600 tabibu Mfaransa André du Laurens akaandika jina ambalo kiambishi chake kimebadilika, likawa la wanaosimama mbele. Wataalamu wa lugha za kale hulihesabu badiliko hilo kuwa kosa la kusoma, lakini ni kosa lililobahatika, kwa sababu katika Kigiriki anayesimama mbele ni kiongozi na mlinzi pia, na katika mji wa Athens lilikuwa jina la raia aliyemsimamia mgeni mkaazi. Wajerumani, wasiopenda kubeba mzigo bila kuufungua, wana jina lao lenye maana ya tezi ya msimamizi. Wajapani nao wana tezi isimamayo mbele. Ni Waswahili peke yao, ambao kwao kusimama kumezaa msimamo, usimamizi na msimamizi, walioshauriwa na wakubwa wao waache kitenzi hicho na kutazama kibofu cha jirani.

Anayesimama mbele ya mlango ana jina lake katika Kiswahili tangu zamani, nalo ni bawabu, kutoka Kiarabu, ambako bab ni mlango na mwenye kazi ya mlango huitwa kwa neno lililojengwa juu ya mzizi huo huo. Dada yake ni bawaba, kile chuma kinachoushika mlango kwenye fremu ili ufunguke na kufungwa. Kibofu kina mlango mmoja tu wa kutokea, na tezi hii imesimama hapo hapo, ikiuacha mkojo upite na, kwa misuli iliyo shingoni mwa kibofu, ikiuzuia wakati wa manii kutoka. Hata neno tezi lina utajiri ambao kamati hazikuushuku, kwani kwa mabaharia wa pwani tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, kama inavyohifadhiwa na methali ya kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama, mahali pa chini ambapo maji ya chombo hujikusanya yakisubiri kutolewa, ni nini kama si kibofu cha jahazi? Huenda tezi ya chombo na tezi ya mwili ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati tu, lakini bahati ya namna hiyo haikumwangukia aliyeunda tezi kibofu.

Jina linalopendekezwa hapa, tezi bawabu, lilipowahi kupelekwa na mwandishi wa makala haya mbele ya jopo fulani, lilirudishwa kwa mistari miwili, wa kwanza ukisema kwamba ni la kishairi mno na wa pili kwamba wanafunzi watalichanganya na bawaba. Kwa hoja ya pili inatosha kujibu kwamba asiyetofautisha bawabu na bawaba hatatofautisha shida na shada, na mtu wa aina hiyo hapaswi kukabidhiwa kamusi, seuze wanafunzi. Kwa hoja ya kwanza lilipatikana jibu lisilotarajiwa, pale mjumbe mmoja alipotania kwamba kwa watu wa Buruburu na Umoja ingefaa zaidi kusema tezi soja, kwa kuwa huko bawabu wa geti huitwa soja. Watu wakacheka. Hawakutambua kwamba mzaha huo ulieleweka papo hapo na kila aliyekuwapo mezani, kazi ambayo tezi kibofu haijaiweza hata mara moja.

Faida ya bawabu huonekana zaidi jina linapofika kwenye maradhi. Kwa sasa kitenzi kimoja, kufura kwa watu wa Nairobi na kuvimba kwa watu wa pwani, hubeba mambo matatu: ongezeko la seli linaloletwa na umri, ambalo si saratani wala haligeuki kuwa saratani, ambukizo la bakteria, ambalo huja na homa na maumivu na linaweza kumpata hata kijana, na uvimbe wa saratani, maradhi ambayo miongoni mwa wanaume wa Kenya huongoza kwa wingi kati ya saratani zote. Lugha yenye mlango na mlinzi wake huyatenganisha bila jasho. Ongezeko la uzeeni ni kunenepa kwa bawabu: kasimama pale pale, ila kajaa mlangoni. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje ya tezi, mbali na mrija, na kwa hiyo huweza kukua muda mrefu pasipo mkojo kubadilika. Ni bawabu aliyeharibika upande wa nje huku mlango ukiwa wazi. Mzee akiambiwa hivyo ataelewa kwa nini anayekojoa vizuri naye hushauriwa kujadili na daktari kipimo cha damu kiitwacho PSA, na kwa nini anayekatikiwa na mkojo hana sababu ya kuandika wosia.

Kwa matumizi, basi: kunenepa kwa bawabu, ambukizo la bawabu, saratani ya bawabu; tamsulosini ni dawa ya kulegeza misuli ya mlangoni na finasteridi ni ya kumpunguza bawabu mwili, na aliyeshindwa kabisa kukojoa, au anayeona damu, apelekwe siku hiyo hiyo hospitali iliyo karibu, ambayo kwa wengi wa Eastlands ni Mama Lucy Kibaki, na aliyezibwa mkojo atawekewa mpira, yaani bomba laini la kuutolea.

Limebaki pingamizi la mtu wa sarufi, aliyetaka kujua iwapo itasemwa tezi bawabu imenenepa au amenenepa, kwa kuwa bawabu ni kiumbe mwenye uhai na tezi si kiumbe. Itasemwa imenenepa, kwa sababu tezi ndiyo neno kuu. Na likifupishwa likabaki bawabu peke yake, wazee wa Kaloleni watasema amenenepa, na sarufi haitaanguka. Kwa miaka mingi walimu wa sayansi wameziita chembe nyeupe za damu askari wa mwili, na hakuna jopo lililowahi kuketi kuuliza kama askari hao wanakufa au zinakufa.